Trevor Noah kwa Kiswahili cha Lubumbashi: nimtafutie Papa mchekeshaji gani mwingine?

Binti wa Katuba

Jambo yenu, bandugu. Naomba ushauri, na naomba mnisome mpaka mwisho.

Papa yangu alivunjika mguu mwezi wa tatu. Tangu siku hiyo anashinda barazani, mguu juu ya stuli. Ni mtu aliyefanya kazi ya mgodini miaka thelathini, kukaa hakujui. Nikirudi jioni namkuta kimya, anaangalia tu watoto wa jirani wakicheza mpira. Siku moja nikamletea simu nikamwekea Trevor Noah, lile onyesho lake la 2018, Son of Patricia, ambalo nilikuwa nimelipakua kazini. Papa hajui Kiingereza. Kifaransa anakisikia vizuri, lakini maandishi ya chini yanakimbia na miwani yake imezeeka. Basi nikawa nasikiliza maneno mawili matatu, nasimamisha, namweleza kwa Kiswahili chetu, tunaendelea. Onyesho la saa moja lilitumalizia jioni tatu.

Kisa cha Bali, kule Indonesia, kilimshika. Trevor yuko matembezini, wageni wanapelekwa mpaka nyumbani kwa mwenyeji, wanaanza kuzunguka wakimtazama anavyoishi, na baadaye kuna nyoka. Hapo Papa ndiye aliyenisimamisha. Akasema: "Mutu anaingia mu lupango yangu, anaangalia masufuria yangu, haniambie hata jambo?" Akacheka mpaka akaushika mguu kwa mikono miwili. Mama alitoka jikoni na mwiko wa bukari mkononi kuja kuona kuna nini. Nyumba yetu haikuwa imesikia kicheko hicho muda mrefu.

Lakini kisa cha taco, ile chapati ya Kimeksiko ya kukunja, kilinifia mikononi. Trevor amefika Los Angeles, muuzaji anamuuliza kama anataka "napkin". Marekani hiyo ni karatasi ya kujipangusia mdomo, ila Trevor amekulia Afrika Kusini, na kwao neno hilo ni kitambaa anachofungwa mtoto mchanga. Kisa kizima kimesimama juu ya neno hilo moja. Nikaanza kueleza: Papa, kule wanaita hivi, kwao wanaita hivi, sasa yeye alifikiri... Nilipomaliza, Papa alinitazama kwa huruma. Akasema, "Sawa, mama. Endelea."

Maswali yangu ni mawili. Nimtafutie nani mwingine? Na kisa cha namna hiyo, kinachokaa ndani ya neno, mnakivusha namna gani?

Mwanafunzi wa Kasapa

Yaya, pole kwa Papa. Mimi ningeacha kutafsiri kabisa. Unasema Kifaransa anakisikia, basi mpe Gad Elmaleh. Kwenye Netflix kuna Gad Gone Wild, la 2017, alilifanyia Montréal kwa Kifaransa. Huyu mtu anachekesha kwa mwili: anavyotembea, anavyogeuza shingo, anavyoigiza mtu anayejifanya anajua. Hata sauti ukiizima kuna kitu kinabaki. Ameshakuwa nyota Ufaransa, kisha akaenda New York kuanza upya kwenye vilabu vidogo kwa Kiingereza cha kujifunza ukubwani, na mwaka 2018 akatoa American Dream kwa lugha hiyo. Ukiyatazama yote mawili utaona kwa Kiingereza anapima kila neno kabla ya kuliachia. Kwa Kifaransa anaruka. Ndiyo maana nasema mchekeshaji asikilizwe katika lugha anayorukia.

Fary naye ni mzuri, lakini Hexagone, onyesho lake, inazungumzia sana kuwa Mfaransa mweusi, sijui kama itamgusa muzee wa Katuba.

Binti wa Katuba

Aksanti, mdogo wangu. Gad nitampakua wiki hii. Ila niseme ukweli: kile nilichokipenda jioni zile ni kusimamisha. Nikisimamisha, Papa anauliza, anabisha, anakumbuka la kwake. Nilipomweleza jinsi Patricia, mama yake Trevor, alivyomfundisha mwanawe kupokea matusi ya ubaguzi bila kuvunjika, alikaa kimya kidogo, kisha akanisimulia msimamizi mmoja wa zamani kazini, hadithi ambayo sikuwahi kuisikia maishani mwangu. Nikimwekea Kifaransa, mimi nitabaki kushika simu tu.

Muzee wa Kamalondo

Mwanangu, nimekusoma na nimefurahi. Muulize Papa kama anamkumbuka Mufwankolo na kundi lake la maigizo. Kwa umri wake hawezi kukosa. Sisi tuliwasikia redioni na tukawaona kwenye televisheni, wakicheza kwa Kiswahili chetu hiki cha hapa, si cha vitabuni. Chifu, mke, mlevi, karani, wote walikuwa watu tuliowajua mtaani.

Najua utaniambia lile ni kundi, na hawa wako wanasimama peke yao na maikrofoni saa nzima. Ni kweli, ni kazi tofauti, na kusimama peke yako ni kugumu zaidi: ukikosea hakuna mwenzako wa kukuokoa. Lakini kuna kitu chao kinakufaa. Hawakuwa na maandishi ya kukariri. Walianza na wazo, wanakubaliana nani anaingia na nini kitokee, kisha kila mmoja anatafuta maneno yake mwenyewe mazoezini. Wewe kwenye "napkin" umebeba maneno ukaliacha wazo. Wazo ni nini pale? Mgeni ameulizwa kitu cha kawaida, yeye amesikia kitu cha aibu. Hilo lipo hata kwetu. Tafuta neno letu linalofanya safari hiyo.

Mvushaji wa Kasumbalesa

Muzee amenitangulia, na neno ninalo, tena dada amelitumia mwenyewe hapo juu: LUPANGO.

Mimi nafanya kazi ya hati za mizigo mpakani. Malori mengi yanatoka Dar es Salaam, yanapita Zambia, yanalala foleni kwetu. Kuna dereva mmoja wa Tanzania tulizoeana, mtu mpole sana. Foleni ilikuwa haisogei siku ya pili, mvua inanyesha, nikamuonea huruma. Nikamwambia: "Kaka, usilale ndani ya gari. Leo nitakupeleka lupango, utalala vizuri, asubuhi nitakutoa."

Akabadilika uso. Akasema, "Kwani nimefanya nini?"

Mimi nikaona anaogopa kunisumbua. Nikazidi: "Hapana, usiogope, lupango yetu ni kubwa, hata wenzako wawili wanaweza kuja. Mke wangu atawapikia."

Akaanza kutoa karatasi zake zote, moja moja, leseni, pasi, bima, anazipanga kwenye usukani, mikono inatetemeka. Kwetu lupango ni kiwanja chako, ua wako, nyumbani. Kwao Tanzania lupango ni jela! Kila neno la ukarimu nililoongeza lilikuwa linamfungia mlango.

Dada, mwambie Papa hicho kwanza. Akishacheka, ndipo umwambie: "Sasa Trevor naye, kule Los Angeles..." Hutahitaji kueleza chochote.

Nyota wa Ruashi

Naongeza moja tu kwa dada: usijaribu Eddie Murphy wa Delirious mbele ya Papa. Ile ya 1983, suti nyekundu ya ngozi. Ni kazi kubwa, wachekeshaji wengi wamejifunzia pale, lakini matusi hayapumziki hata dakika. Dave Chappelle vilevile. Mimi nilimfungulia mjomba, nikatamani ardhi initafune. Trevor wa 2017, Afraid of the Dark, unaweza kumwekea: kuna sehemu anaigiza Mandela akimfundisha Obama kuhutubia, na sauti zile muzee atazitambua bila tafsiri.

Binti wa Katuba

Bandugu, nimerudi. Jana umeme ulikatika saa moja jioni, simu ilikuwa na chaji kidogo, kwa hiyo sikuweka video. Nilimsimulia tu kisa cha lupango, gizani, taa ya chaji ikiwa chini ya stuli. Nilipofika kwenye leseni na bima zilizopangwa kwenye usukani, Papa alikuwa anafuta machozi. Nikaingiza taco hapo hapo. Aliikamata kabla sijamaliza, akamalizia yeye: "Alizani banataka kumufunga kama mutoto!" Mama akaomba nirudie kwa ajili ya jirani.

Na Mufwankolo anamkumbuka, Muzee. Aliigiza sauti mbili za kwao, sikujua kama anaweza.

Sasa, kaka wa Kasumbalesa, kuna deni. Papa ameniuliza jana usiku na ameniuliza tena leo asubuhi: yule dereva, mwishowe alilala wapi?