Tupeane uzoefu: kusoma mmea kwa nje, kutoka kwapa la jani hadi shada la maua

Kitalu_Ruaka
Wadau, habari za leo. Tukusanye hapa njia tunazotumia kutambua sehemu za nje za mmea unaotoa maua, na jinsi maua yanavyopangika kwenye shina. Tutumie mimea ambayo mtu wa Nairobi anaipata bila nauli kubwa: kando ya barabara, shamba la nyuma ya nyumba, City Market, Arboretum. Toeni hatua, vipimo, na pale watu wanapokosea.

Naanza na jambo ninalolitegemea kuliko yote: tafuta kwapa, yaani pembe iliyo kati ya jani na shina. Jani hukaa kwenye kifundo cha shina, na pale kikonyo chake kinapokutana na shina huwa kuna chipukizi, hata likiwa dogo kama kichwa cha pini. Rangi na umbo hubadilika kutoka mmea hadi mmea, nafasi haibadiliki.

Chukua jakaranda. Vile vijani vidogo havina chipukizi hata kimoja kwenye makwapa yao. Chipukizi liko chini kabisa, kwenye kitako cha kikonyo kikuu. Kwa hiyo mkono wote ule, ambao hufika hata sentimita 40, ni jani moja lililogawanyika mara mbili. Papai ni kinyume: jani limechanika sana, lakini mipasuko haifiki kwenye kikonyo, kwa hiyo ni jani sahili, yaani halikugawanyika kuwa vijani. Anayehesabu vijani vya jakaranda kama majani kamili atakosea hadi mpangilio wa majani kwenye tawi.

Ua_na_Miiba
Kwapa hilo hilo linamaliza ubishi wa miiba. Mwiba wa bogenvilia umetoka kwapani, juu ya jani. Hilo ni tawi lililogeuka. Mgunga wa gome la manjano una miiba miwili miwili ubavuni mwa kitako cha jani, moja kulia na moja kushoto, kwa sababu ni vijalizo vya jani (vijani viwili vidogo vya kitakoni mwake) vilivyokauka na kuwa vigumu. Waridi lina miiba popote kwenye ngozi ya shina, bila kufuata vifundo. Isukume kwa kidole gumba kutoka ubavuni, itabanduka na kuacha kovu safi. Mwiba wa bogenvilia haubanduki hivyo, maana umeungana na mti wa ndani.

Mwl_Biolojia
Kwa wanaofundisha sekondari, ua la kuanzia ni haibiskasi: ni kubwa, limekaa peke yake kwapani, na lipo kwenye nyua nyingi za mtaani. Lichume asubuhi. Mchana petali (vile vijani vya rangi vya ua) huanza kulegea na wembe huzikunja badala ya kuzikata.

Hesabu kutoka nje kwenda ndani. Kwanza vile vijani vyembamba vya kijani chini kabisa. Hivyo si sepali (majani ya kijani yanayofunika tumba), ni duara la ziada. Kisha sepali tano zilizoungana, petali tano, halafu bomba refu la stameni (sehemu za kiume zenye chavua) lenye vichwa vya manjano ubavuni. Staili, shingo ya sehemu ya kike, inapita ndani ya bomba hilo na kutokeza juu ikiwa na stigma tano, yaani vichwa vinavyopokea chavua.

Kosa la kawaida ni kupasua kwa kuanzia juu. Bomba linapondeka na staili inapotea. Laza ua kwenye kigae, tumia wembe mpya, anza kwenye kikonyo, pita katikati ya ovari (kifuko cha mbegu kilicho chini), endelea juu kwa mkato mmoja. Ua la pili kata ovari kwa upana: utaona vyumba vitano, na ovuli (mbegu changa) zimeshikilia katikati. Lenzi ya mara 10 inatosha.

Kwenye mchoro, ukuzaji ni urefu wa mchoro ukigawanywa kwa urefu wa kielelezo. Mchoro wa sentimita 12 wa ua la sentimita 8 ni ×1.5. Pima kitu kile kile pande zote mbili. Wanafunzi wengi hupima ua pamoja na kikonyo, kisha wanachora bila kikonyo, na alama zinakwenda.

Mama_Shada
Naomba mwongozo. Bogenvilia ina petali tatu?

Ua_na_Miiba
Hapana mama. Zile tatu za rangi ni braktea, yaani majani yanayobeba maua. Geuza moja uone mishipa yake, kisha fuata mshipa wa kati: kibomba chembamba chenye mdomo mweupe kimeshikilia hapo. Hicho ndicho ua, na kila braktea ina lake. Poinsetia ni vivyo hivyo. Majani mekundu yamezunguka vikombe vidogo vya manjano na kijani, na maua yenyewe yamo ndani ya vikombe (utomvu wake mweupe usiguse macho). Kala nyeupe ya sokoni nayo ni braktea moja iliyojikunja. Maua halisi yamebanana kwenye kile kijiti cha manjano, ya kike chini, ya kiume juu.

Mama_Shada
Asante sana. Basi na mimi nitoe la kwetu wauza maua. Kabla ya kununua, jua ni ua gani litafunguka kwanza.

Kuna mashada ambayo mhimili unaendelea kukua na maua ya chini ndiyo wazee. Hiyo ni rasemu. Sukuma wiki iliyopanda maua inaonyesha vizuri: maganda ya mbegu chini, maua katikati, matumba kileleni. Gladiola hufunguka kwa mpangilio huo huo, ila maua yake hayana vikonyo. Nunua wakati ua moja au mawili ya chini yameanza kuonyesha rangi. Likiwa bado la kijani lote, mengi ya juu hayatafunguka. Lisimamishe wima, kwani likilazwa ncha yake hujipinda kuelekea juu na haikunjuki tena.

Mashada ya aina ya pili huishia kwa ua: la kileleni linafunguka kwanza, mengine yanafuata kutoka pembeni. Hiyo ni saimu. Krisanthemamu za matawi zina tabia hii ya kutangulia kileleni, ingawa kila "ua" lake ni kichwa cha maua mengi. Tumba la juu lisipotolewa mapema, linazeeka wakati wenzake ndiyo kwanza wanafunguka, na shada linaonekana limechoka siku ya kuuzwa. Likivunjwa kwa kidole lingali dogo, yaliyobaki yanafunguka pamoja. Ukitaka ua moja kubwa, fanya kinyume: bakiza la kileleni, toa yote ya kwapani.

Shamba_Kikuyu
Nyanya imewapoteza wengi hapo kwenye kupunguza machipukizi. Chipukizi la kutolewa linatoka kwapani, kati ya jani na shina. Shada la maua linatoka ubavuni mwa pingili, mahali pasipo na jani chini yake. Anayevunja kila kinachochomoza anatupa mavuno. Toa yakiwa chini ya sentimita 5, kwa mkono; yakinenepa yanaacha jeraha kubwa.

Mahindi: shada la kileleni ni la kiume, gunzi ni shada la kike, na kila uzi wa ndevu unaelekea kwenye punje moja. Gunzi lenye mapengo ni nyuzi ambazo hazikupata chavua. Kwa kishamba kidogo panda mistari minne mifupi badala ya mmoja mrefu, chavua isipeperuke nje.

Malenge hutoa maua ya kiume kwanza, yenye kikonyo kirefu chembamba. Yakianguka msihangaike. La kike lina kiboga kidogo chini ya petali tayari.

Kitalu_Ruaka
Nduma, viazi na vitunguu nilikuwa nimeviacha kwa sababu vinapimwa kwa njia ile ile ya kwapa na kifundo. Jicho la kiazi ni kifundo, na kovu lililo kando yake ni jani lililokufa. Ukikata mbegu acha angalau macho mawili kwa kipande. Kiazi kitamu ni mzizi, hakina vifundo, ndiyo maana tunapanda mashina yake.

Mwanafunzi_Kasarani
Mwalimu, alizeti ni ua au shada?

Mwl_Biolojia
Ni shada, la aina ya kapitula, yaani maua mengi madogo yaliyobanana kwenye kichwa kimoja. Kila "petali" ya pembeni ni ua moja lililorefuka upande mmoja, na kwa kawaida halizai. Mbegu zinatoka kwenye maua madogo ya katikati, yanayofunguka kuanzia ukingoni kwenda ndani.

Tafuta kichwa kilichofika nusu ya safari utaona hatua tatu kwa pamoja. Pete ya nje ina stigma zilizogawanyika na kujikunja pande mbili. Inayofuata ina vibomba vya stameni vyeusi vyenye chavua ya manjano. Katikati ni matumba yaliyofumba. Chomoa ua moja kutoka kila pete kwa kibano, yapange kwenye karatasi nyeupe, na chini ya kila moja utakuta ovari ambayo ndiyo itakayokuwa tunda dogo lenye mbegu.