Mrejesho: mbio zetu za sikukuu, Lushoto hadi Irente

Ndugu zangu, habari za sikukuu. Niliomba ushauri wa namna ya kuandaa mbio za kirafiki tarehe 26 Desemba, kutoka Lushoto mjini hadi ukingo wa mlima pale Irente, kwa kundi lenye wakimbiaji wa kila wiki na wengine wasiokimbia kabisa. Nawashukuru nyote mliojibu.

Uliofaa kuliko wote ni ushauri wa kumpa ushindi si anayetangulia kufika, bali yule ambaye muda wake unakaribia zaidi ule aliojikadiria kabla ya kuanza, huku saa na simu zikiwa zimekusanywa kikapuni, isipokuwa simu ya mfunga msafara. Alishinda shangazi yetu mmoja, aliyepanda kwa mwendo wa kutembea, kanga kiunoni na raba miguuni, akisimama njiani kununua matunda damu. Wenye kasi walinung'unika mpaka jioni.

Alama za unga wa mahindi kwenye njia panda hazikufaa. Baadhi zilisombwa na manyunyu ya usiku, na zilizosalia tulikuta kuku wanazidonoa, hivyo wenzetu kadhaa wakaishia kwenye shamba la kabichi na kurudishwa njiani na watoto wa pale. Vitambaa vyekundu vya kufunga mitini, ambavyo pia mlivipendekeza, vilidumu hadi mwisho. Atakayevitumia amkabidhi mfunga msafara kazi ya kuvifungua vyote, visibaki msituni.