Ushauri: Mwanafunzi wa kidato cha nne hataweza kumaliza kwa sababu ya maradhi. Shule impe cheti cha heshima siku ya mahafali?

Mjumbe_wa_Bodi

Habari zenu wakuu. Naomba ushauri kwa walimu, maafisa elimu na yeyote anayezijua taratibu za Baraza la Mitihani.

Bodi ya shule yetu, sekondari ya kata, ina suala la binti wa kidato cha nne mwenye ugonjwa wa figo. Anasafishwa damu mara tatu kwa wiki, kila mara kwa muda wa saa nne, na hospitali iko mji mwingine. Amesajiliwa kwa mtihani wa Novemba lakini tangu Aprili hajaingia darasani. Mahafali ni mwisho wa Septemba. Wazazi wanaomba apewe cheti kama wenzake, na darasa zima limeandika barua kumuunga mkono. Nusu ya bodi wanataka apewe cheti cha heshima. Wengine wanaogopa tutakuwa tumefungua mlango wa vyeti visivyo na msingi, na kwamba wazazi wa walioacha shule kwa ujauzito au utoro watadai haki hiyo hiyo.

Shule ina mamlaka hayo? Kikitolewa, kiandikweje?

Mtaaluma_Mstaafu

Ndugu mjumbe, mnabishana kwa sababu mmeweka karatasi tatu kwenye fungu moja. Zitenganisheni kwanza.

Cheti cha matokeo ya kidato cha nne ni mali ya NECTA, yaani Baraza la Mitihani la Tanzania. Kina namba ya mtahiniwa, na namba hiyo ndiyo vyuo na waajiri wanayohakiki. Bodi ya shule haina uwezo wa kukitoa wala kukiiga. Ya pili ni cheti cha kumaliza shule, kile chenye picha, tarehe ya kuandikishwa, darasa la mwisho na maelezo ya tabia. Hicho hutolewa na mkuu wa shule, na lazima kiseme kweli. Kama hakumaliza, kiandikwe amesoma hadi kidato cha nne na tarehe ya mwisho ya mahudhurio. Msiandike "amehitimu" kwa huruma.

Ya tatu ni cheti cha pongezi au heshima. Shule zinatoa hivi kila mwaka kwa usafi, michezo na uongozi wa viranja. Cha binti huyu kinaingia hapa, kwa hiyo mamlaka mnayo.

Hofu ya wajumbe wenu nayo si ya bure. Aprili 2017 Serikali ilipokea majina ya watumishi 9,932 waliobainika kuwa na vyeti vya kughushi. Karatasi yenye maneno ya utata ikifika kwenye dawati la ajira miaka sita baadaye, atakayehojiwa ni mwenye cheti, na nyinyi mliokiandika hamtakuwepo kumtetea.

Msimamizi_wa_Chumba

Kabla ya cheti cha heshima, mmeuliza kama kweli hawezi kufanya mtihani? Kutoingia darasani tangu Aprili hakujamfutia usajili.

Ratiba ya NECTA hutoka mapema. Ichukueni mkakae na kitengo cha figo. Karatasi za asubuhi huanza saa 2:00 na za mchana saa 8:00. Mgonjwa akitoka kwenye mashine anakuwa hoi, wengine shinikizo la damu linashuka, hivyo kusafishwa asubuhi na kuandika mchana hakufai. Ombeni zamu za jioni baada ya karatasi, na Jumamosi. Wauguzi wakipewa ratiba mwezi mmoja au miwili kabla wanaweza kubadilishana nafasi za wagonjwa. Mkienda wiki ya mtihani hawana pa kumweka. Kama safari ni ndefu, mkuu wa shule aandike mapema kwa Baraza, kupitia Afisa Elimu Sekondari wa halmashauri, aombe afanyie mtihani kituo kilicho karibu na hospitali. Aambatishe ripoti ya daktari inayotaja ugonjwa, siku za matibabu na muda unaotarajiwa. "Anaumwa, asaidiwe" haimsaidii anayetakiwa kuamua.

Wengi hawajui kifungu cha 32(1) cha Kanuni za Mitihani. Mtahiniwa aliyepata matatizo ya kiafya akashindwa kufanya masomo yote au idadi kubwa ya masomo, Baraza huzuia matokeo yake na kumpa fursa ya kufanya mtihani mwaka unaofuata. Tatizo ni shule kukaa kimya: jina linasomeka kama la mtoro wa mtihani, na Januari matokeo yakitoka ndipo mzazi anaanza kukimbia na makaratasi. Ripoti ya hospitali iwe mkononi mwa mkuu wa shule kabla ya karatasi ya kwanza.

Angalieni neno "idadi kubwa". Akikosa karatasi moja tu, msitegemee kifungu hicho. Somo hilo atalirudia baadaye kama mtahiniwa wa kujitegemea. Na msidharau masomo machache: Daraja la nne linapatikana kwa D mbili au C moja.

Mama_Nuru

Mimi napinga kumpa Septemba, na nasema hivi kwa sababu namtakia mema. Mkimwita jukwaani mkampa cheti cha heshima, kila mtu pale atajua kwamba shule imemaliza naye. Walimu wataacha kutuma notsi, wazazi watapumua, na binti mwenyewe atasoma machoni mwa watu kwamba Novemba haimhusu. Cheti cha heshima ni cha mahali ambapo hakuna njia nyingine iliyobaki. Huyu njia anayo, mwaka huu au mwakani.

Kwa waliopata ujauzito jibu ni hilo hilo, wala bodi isione haya kulitoa. Waraka wa Elimu Na. 2 wa 2021 unawaruhusu kurudi shuleni. Asiyetaka kurudi darasa lile, Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima inafundisha sekondari kwa hatua mbili, kila hatua mwaka mmoja. Aliyeacha njiani anaweza pia kufanya Mtihani wa Maarifa kisha akafanya kidato cha nne kwa kujitegemea. Kumpa cheti cha pongezi mtu anayedai nafasi ya kusoma ni kumnyima anachodai.

Mbeba_Maboksi

Naongezea kutoka huku Marekani, maana jambo hili lina historia. Majimbo mengi yana sheria zinazoruhusu kuwapa diploma za sekondari askari wa zamani walioacha shule kwenda vitani: Vita Kuu ya Pili, Korea, Vietnam. Na mwaka 2009 Chuo Kikuu cha California kiliamua kuwapa digrii za heshima wanafunzi wake wenye asili ya Japani walioondolewa masomoni na kufungiwa na serikali kambini mwaka 1942, wakati wa vita. Chuo hicho kilikuwa kimesimamisha digrii za heshima tangu 1972, ikabidi kilegeze msimamo kwa ajili yao.

Hapo serikali ndiyo iliyomkatiza mwanafunzi masomo, naye ameshazeeka au amefariki. Hakuna atakayeipeleka diploma ile kuombea kazi. Uingereza nako vyuo vikuu vina digrii iitwayo aegrotat, kwa aliyezuiwa na ugonjwa kufanya mitihani ya mwisho. Hiyo ni digrii halali, ila haina daraja la ufaulu, na hutolewa pale tu ambapo alama za kazi alizokwisha fanya zinatosha kuonyesha kwamba angefaulu. Sekondari yetu haina mlango huo: alama za maendeleo zinazotoka shuleni ni 30 kati ya 100, na bila mtihani wa mwisho hazitoi daraja. Kwa hiyo nakubaliana na Mama Nuru kuhusu mpangilio, kwanza mtihani.

Mtaaluma_Mstaafu

Mama Nuru, hoja yako nzito, ila usimnyime mahafali. Kwetu mahafali hufanyika kabla ya mtihani. Wote wanaopanda jukwaani siku ile hawajafaulu chochote bado. Avae sare au joho, aitwe kwa mpangilio wa majina kama wenzake, apewe kile wanachopewa wote, cheti cha ushiriki wa mahafali au picha ya darasa. Cha heshima kisubiri.

Kikija kutolewa, andikeni hivi: "Bodi na jumuiya ya shule inamtunukia (jina) Cheti cha Heshima kwa kutambua bidii na uvumilivu wake akiwa mwanafunzi wa shule hii kuanzia (tarehe) hadi (tarehe). Cheti hiki si cheti cha mtihani na hakithibitishi kiwango cha elimu." Sentensi ya mwisho iwe kwa herufi za ukubwa ule ule, isifichwe chini. Msiweke nembo ya Taifa wala ya Baraza, neno "amefaulu", au orodha ya masomo. Karatasi itofautiane rangi na ya cheti cha kumaliza shule. Kisainiwe na mkuu wa shule na mwenyekiti wa bodi, kiingizwe kwenye rejista pamoja na namba ya kikao kilichopitisha.

Vigezo vipitishwe kwanza, jina la mtu baadaye. Mkianza na jina, kigezo kitashonwa kumfuata huyo, na kesi ya pili itawashinda.

Mjumbe_wa_Bodi

Asanteni sana wakuu. Swali moja zito, nisamehewe: Mungu aepushie mbali, akitangulia kabla?

Mama_Nuru

Basi mpeni bila mjadala. Mwalimu wa darasa na mwenyekiti wakipeleke nyumbani, baada ya arobaini au muda ambao familia yenyewe itausema. Msiwaite wazazi mbele ya umati kwa kuwashtukiza. Kama watapenda jina lisomwe kwenye mahafali, waulizwe nani asimame kulipokea, na wanafunzi waambiwe siku moja kabla. Jina liandikwe kama lilivyo kwenye cheti cha kuzaliwa. Kosa la herufi kwenye karatasi hiyo familia haiwezi kulirudisha shuleni kurekebishwa.

Msimamizi_wa_Chumba

Na kesho asubuhi mkuu wa shule apige simu hospitali kuomba ripoti. Daktari bingwa huenda asiwepo kila siku, na ripoti yenye muhuri inaweza kuchukua wiki.