Naomba ushauri: kupima IRF5 na STAT4 kwa wagonjwa wa lupasi Kisumu

Habari zenu wakuu. Tunapanga kulinganisha vinasaba vya wagonjwa wa lupasi (ugonjwa ambao kinga ya mwili huushambulia mwili wenyewe) na vya watu wasio nayo hapa Kisumu, tukianza na alama mbili za DNA kwenye jeni za kinga: rs2004640 ya IRF5 na rs7574865 ya STAT4. Wagonjwa tutawachagua kwa vigezo vya 2019 vya EULAR/ACR (vyama vya wataalamu wa baridi yabisi vya Ulaya na Marekani): ANA, yaani kingamwili dhidi ya viini vya seli, ionekane hata damu ikizimuliwa 1:80 au zaidi, kisha jumla ya pointi 10 kwenda juu. ANA peke yake haitoshi, kwani hata malaria huweza kuileta.

Damu ni mililita 4 kwenye chupa ya EDTA (dawa ya kuzuia damu isigande), ile ya kifuniko cha zambarau. Ya kijani ina heparini, nayo huzuia PCR (njia ya kunakili DNA ili ipimwe) hata DNA ikisoma 1.8 safi kabisa kwenye kipimo cha usafi.

Kinachoninyima usingizi ni kundi la kulinganisha. Wajaluo ni Waniloti, Waluhya ni Wabantu. Wagonjwa wakitoka zaidi upande mmoja na wazima upande wa pili, tofauti ya asili itajifanya tofauti ya ugonjwa. Data za Waluhya wa Webuye zimo kwenye 1000 Genomes (mradi wa kimataifa wa kusoma vinasaba), lakini haziwezi kuwasimamia Wajaluo.

Je, niwapange kwa kabila la babu na bibi wa pande zote mbili, au lazima nipime pia alama za vinasaba zinazoonyesha asili? Na kwa kuwa vipande vinavyorithiwa pamoja ni vifupi zaidi kwa Waafrika, alama moja kwa kila jeni itatosha, ama nisome eneo zima la IRF5? Bajeti ni ndogo; aliyepitia njia hii anielekeze nianzie wapi.