Naomba ushauri: sehemu ya mwisho ya tamthilia ya upelelezi imalizweje, watazamaji wasione wametapeliwa?

Kalamu_Kavu

Wakuu salaam. Naandika tamthilia ya upelelezi yenye sehemu 8, kila sehemu dakika 45. Saba zimekwisha, ya mwisho ndiyo inayonisumbua.

Kisa kwa kifupi: karani wa bandari ameuawa. Wapelelezi wawili, mzee wa kazi na binti aliyehamishiwa idarani juzijuzi, wanamsaka muuaji, na kadiri wanavyochimba wanakutana na mtandao wa magendo wenye mkubwa asiyejulikana. Rasimu ya sasa iko hivi: muuaji anajulikana dakika ya 41, anakamatwa dakika ya 43, kisha yule mzee anapokea simu. Hatusikii anachoambiwa. Uso wake unabadilika, skrini inakuwa nyeusi. Mkubwa wa magendo hatajwi kabisa.

Tamthilia za aina hii zinapoisha watazamaji hugawanyika, wengine wakishangilia, wengine wakiapa kutoangalia tena kazi ya mwandishi huyo. Nataka kujua hasira hiyo inatoka wapi hasa, nirekebishe kabla skripti haijafungwa. Muuaji atajwe mapema au mwishoni? Mwisho wa wazi unafaa?

Angalizo kwa wapitaji: majibu yatataja miisho ya tamthilia mbalimbali. Ambaye hajamaliza kuangalia asishuke chini.

MkataPicha

Mkuu, dakika ya 41 umechelewa sana. Mtazamaji akishamjua muuaji, papo hapo anakuwa na maswali mengine matatu: kwa nini aliua, aliwezaje kutuponyoka muda wote huo, na waliobaki wataishije na habari hii. Wewe umebakiza dakika 4 za kuyajibu yote, na humohumo kuna kukamatwa na simu. Malalamiko ya "wameharakisha mwisho" huzaliwa hapo.

Hamishia ufichuzi kati ya dakika ya 15 na ya 20. Tazama Broadchurch, msimu wa kwanza, sehemu ya 8 iliyorushwa na ITV ya Uingereza tarehe 22 Aprili 2013. Muuaji anajulikana mapema, naye ni mume wa mpelelezi Ellie Miller. Muda uliobaki wote ni wa kuonyesha Ellie akiambiwa, wazazi wa mtoto aliyeuawa wakiambiwa, mji mzima ukijaribu kumeza habari hiyo. Chumba kile Ellie anapopewa taarifa ndicho kilele cha sehemu nzima, na kisingepata nafasi kama ufichuzi ungesukumwa hadi dakika za mwisho.

Kwa hesabu ya kurasa, ukichukulia ukurasa mmoja wa skripti ni kama dakika moja: 1 hadi 15 kufunga mtego, 16 hadi 20 ufichuzi, 21 hadi 27 namna na sababu, 28 hadi 40 matokeo kwa kila mhusika, zilizobaki ni za kufungia.

Na ungamo la muuaji lisipite kurasa 4 mfululizo. Likizidi hapo linakuwa hotuba. Likatishe kwa picha fupi za mambo tuliyokwisha kuyaona, sekunde 3 hadi 5 kila moja, na ziwe zilezile zilizorushwa. Ukirekodi picha mpya yenye kitu ambacho mwanzo hakikuwepo, watu watarudi kulinganisha sehemu ya 3 na ya 8, na watakukamata.

Bi_Fumbo

Ndugu Kalamu, ahadi ni deni. Mwisho wa huzuni hauwaudhi watu, wala mhusika kipenzi akifa hawaudhiki kwa jinsi tunavyodhani. Wanaudhika pale swali waliloahidiwa jibu linapoachwa.

The Killing ya Marekani ilitangazwa na kituo cha AMC kwa swali moja: nani alimuua Rosie Larsen? Sehemu 13 za msimu wa kwanza zikaisha tarehe 19 Juni 2011 bila jibu. Jibu lilikuja mwishoni mwa msimu wa pili, Juni 2012. Watazamaji walichachamaa, na kwa maoni yangu walikuwa na haki kabisa, maana swali lile ndilo lililowaita kwenye kiti.

Linganisha na The Sopranos, HBO, 10 Juni 2007. Tony, mkuu wa genge la mafia, yuko mgahawani na familia, binti yake anakimbilia mlangoni, picha na muziki vinakatika kwa mpigo, giza kama sekunde 10, kisha majina. Wengi walidhani kebo imekatika. Kelele zilikuwa kubwa usiku ule, lakini leo mwisho huo unahesabiwa na wengi miongoni mwa iliyo bora. Tofauti ni kwamba tamthilia ile haikumwahidi mtu jibu la "nani aliua". Iliahidi kumwonyesha mtu wa namna fulani na maisha aliyojichagulia, na hilo ilikuwa imelitimiza kwa misimu 6.

Sasa kazi ya mikono. Chora jedwali la safu nne: swali, sehemu lilipofunguliwa, mara ngapi limetajwa tena, linajibiwa wapi. Pitia skripti zote 7 na kuandika kila swali, hata dogo kama "funguo za ghala ziko kwa nani?" Swali lililotajwa mara moja unaweza kuliacha. Lililotajwa katika sehemu mbili linahitaji walau mstari mmoja wa mazungumzo au picha moja. Lililotajwa katika sehemu tatu au zaidi ni deni kamili, lilipwe kwa onyesho lake. Kwa maelezo yako, mkubwa wa magendo lazima yuko kwenye kundi la tatu. Kumwacha bila kumtaja ni kukimbia deni.

Nokta

Nakubaliana na Bi Fumbo kwa sehemu tu. Deni linaweza kulipwa lote na watu bado wakakasirika.

Line of Duty, BBC One, 2 Mei 2021, msimu wa 6. Watazamaji kama milioni 12.8 walikaa kumsubiri "mtu wa nne", mkuu wa polisi wala rushwa aliyesakwa kwa miaka. Akawa Ian Buckells. Kanuni zote zilifuatwa: swali lilijibiwa, na mhusika hakuchomekwa dakika za mwisho, alikuwa ameonekana tangu msimu wa kwanza. Bado sehemu kubwa ya watazamaji waliona wameangushwa, kwa kuwa walijengewa picha ya bingwa wa hila, kisha wakaonyeshwa ofisa mzembe aliyepanda vyeo huku akitumikia wahalifu. Binafsi naona wazo lile ni zuri na lina ukweli mchungu: uozo mwingi hauhitaji akili kubwa. Kilichokosekana ni kuwaandaa watu. Matarajio yalipandishwa hadi dakika za mwisho, yakaachwa yaanguke.

Kwa hiyo, mkuu, kama mkubwa wako wa magendo ni mtu wa kawaida, anza kumshusha kimo sehemu ya 6. Onyesha amri yake moja iliyokuwa ya kijinga. Onyesha mtandao ukiponea kwa uzembe wa wanaouchunguza, si kwa werevu wake. Mtazamaji akifika sehemu ya 8 awe tayari anajiuliza: "Kwani huyu mtu ni mkubwa kweli?"

Kuhusu mwisho wa wazi, usiogope. Acha wazi hatima, usiache wazi ukweli. Nani aliua na kwa nini, huo ni ukweli, ufunge. Mpelelezi atabaki kazini au ataacha, hiyo ni hatima, unaweza kumwachia mtazamaji. Ila hata hatima ina mpaka wake. Dexter, 22 Septemba 2013: mhusika mkuu, ambaye ni muuaji, anautosa mwili wa dada yake baharini, anaingiza boti kwenye dhoruba, kila mtu anaamini amekufa, kisha anaonekana hai akifanya kazi ya kukata magogo. Watu walilalamika kwamba muuaji wa misimu 8 hakuhukumiwa, hakufa, na ukweli wake haukujulikana hadharani. Mwaka 2021 ilibidi kisa kifunguliwe upya.

Kalamu_Kavu

Mmenifungua macho. Nimehesabu, mkubwa wa magendo ametajwa katika sehemu 5, kwa hiyo hana pa kukwepea. Mawili yamebaki. Kwanza, muuaji wangu ni mhasibu wa bandari na anaonekana kwa mara ya kwanza sehemu ya 5. Je, ni kuchelewa? Pili, itarushwa sehemu moja kwa wiki. Nikiweka vidokezo vingi, si watu watamjua kabla?

Bi_Fumbo

Sehemu ya 5 ni kuchelewa. Muuaji awe na uso na maneno mdomoni kufikia sehemu ya 2. Si lazima awe muhimu: mhasibu anaweza kuonekana akiwapa wapelelezi daftari la mishahara, akauliza swali moja la kawaida, akatoka. Muhimu awe na sababu ya kuwepo isiyohusiana na mauaji, la sivyo mtazamaji mzoefu atajiuliza kwa nini kamera imekaa kwake.

Vidokezo: visipungue vitatu, viwe katika sehemu tofauti, na walau kimoja kabla ya sehemu ya 4. Kimoja kiwe cha kitu (daftari, saa, funguo), kimoja cha maneno (anataja jambo ambalo hakupaswa kulijua), kimoja cha tabia. Kila kidokezo kifunike kwa jambo linalovuta macho ndani ya onyesho lilelile, kama ugomvi au mlango kugongwa. Sehemu ya 8 isilete ushahidi mpya hata mmoja, ila maana mpya ya ushahidi wa zamani.

Mfano wa kuweka kitu mapema bila kuharibu: Breaking Bad. Bunduki ya rashasha inayotumika sehemu ya mwisho, 29 Septemba 2013, ilikwisha kuonekana kwenye buti la gari mwanzoni kabisa mwa sehemu ya kwanza ya msimu huohuo wa 5, Julai 2012. Watu walijua ipo. Hawakujua itaelekezwa kwa nani wala itafyatuliwaje. Kujua kitu kipo hakukuua hamu, kuliiongeza.

Nokta

Kuhusu kubashiriwa: ukirusha kwa wiki, watu wana siku saba za kubishana kila mara, na katika maelfu lazima mmoja atapatia. Usibadilishe muuaji kwa sababu hiyo. Ukibadilisha, vidokezo vyote vya sehemu 7 vinakuwa uongo, na aliyepatia kwa akili yake anaadhibiwa.

Pima kabla. Tafuta wasomaji 5 au 6 wasiojua mwisho, wape skripti 1 hadi 7, kisha waandike bila kuzungumza wao kwa wao: nani, kwa nini, na ukurasa gani uliwapa shaka. Wote wakimtaja mhasibu na sababu yake, vidokezo viko wazi mno. Asipomtaja hata mmoja, havipo. Unapotaka kufika ni wawili kumtaja mtu lakini wakikosea sababu. Ndipo uwape ya 8, na uulize swali moja tu: ungerudi ukurasa gani kuhakikisha? Wakikumbuka ukurasa, umefanikiwa.

Sikio_la_Tatu

Naongeza la baada ya kurushwa, maana utasoma maoni na yatakuvuruga. Ya saa chache za kwanza ni mshtuko, yahifadhi bila kuyafanyia uamuzi. Rudi baada ya siku tatu, kisha wiki. Wastani wa nyota usikudanganye: 1 nyingi na 10 nyingi zinatoa wastani uleule wa kazi iliyowaacha watu baridi, ambayo ni habari tofauti kabisa.

Yapange maoni kwa lalamiko, si kwa ukali wa lugha. "Wameharakisha" mara nyingi kosa liko sehemu ya 6 na ya 7, zilizobeba machache zikaisukumia ya 8 mzigo. "Haiingii akilini" ni kidokezo kilichokosekana au sababu dhaifu ya muuaji. "Wametuacha hewani" ni deni la Bi Fumbo. "Nimelia, imeniuma" si lalamiko, hata kama limeandikwa kwa hasira. Na anayesema "asingefanya vile mpelelezi yule" msikilize kuliko wote, kwa kuwa ameshika tabia ya mhusika na anakwambia umeivunja.

MkataPicha

La simu sasa. Ilivyo, inaficha ukweli, kwa hiyo itaudhi. Mtaje mkubwa wa magendo kwenye dakika ya 30 hivi, kwa ushahidi wa mhasibu, halafu simu ibaki lakini ibadilike kazi: mzee ameshajua ni nani, na anayepiga ni huyohuyo mkubwa. Tumsikie akijitambulisha, sentensi moja tu. Tusisikie mzee atajibu nini, na hapo ndipo ukate.

Ukienda kwenye giza, usikate sauti na picha kwa mpigo, watu watadhani matangazo yameharibika. Acha pumzi ya mzee au mlio wa chumba uendelee sekunde 2 juu ya giza, kisha kimya sekunde 3, kisha majina. Na kwenye skripti iandike hivyohivyo kwa sekunde, usimwachie mhariri abuni.