Mkwaruzo mlangoni na vidoti vya changarawe kwenye boneti: naweza kurekebisha mwenyewe?

MkaziShangani: Habari wakuu. Nipo Mtwara mjini, gari ni Toyota ya silva, namba ya rangi 1F7. Mlango wa nyuma una mkwaruzo mweupe wa kama sentimita 15. Boneti ina vidoti vitatu ambapo changarawe zimebandua rangi, kimoja kina kutu. Fundi anataka kupiga rangi boneti yote na mlango. Bila kompresa ya kupulizia rangi inawezekana?

KikopoNaMsasa: Inawezekana. Mlangoni osha, kausha, kisha pitisha ukucha kwa kukatiza mkwaruzo. Ukucha usiponasa, mkwaruzo umeishia kwenye klia, lile tabaka la juu lisilo na rangi. Loweka msasa wa maji namba 2000 dakika 10, tia sabuni kidogo, sugua taratibu, maliza kwa 3000, halafu kompaundi (krimu ya kusugulia rangi) na polishi. Klia ya kiwandani ni kama maikroni 40 hadi 50 tu, ni rahisi kuitoboa. Maji ya msasa yawe meupe. Yakianza kuchukua rangi ya gari, acha hapo hapo, maana polishi hairudishi klia iliyokwisha. Ukucha ukinasa, ni kazi ya kujaza rangi kama kwenye boneti.

Mjimwema_Gereji: Hivyo vidoti ndivyo vya kuwahi, hasa chenye kutu. Kunja kipande cha msasa 320, kwangua mpaka chuma king'ae. Kutu ikibaki chini, rangi itavimba tena. Futa kwa spiriti, usitumie tina (ya kuyeyushia rangi), inalainisha rangi ya pembeni. Praima (rangi ya kwanza ya kukinga chuma) iingie siku hiyo hiyo. Kwa hewa hii ya chumvi chuma kilicho wazi hakilali. Tumia kijiti cha meno, weka tone dogo. Ikikauka, rangi tabaka 2 au 3 nyembamba, dakika 30 kati ya moja na nyingine, kisha klia. Tone moja nene hukauka juu, chini bado bichi, mwishowe linasinyaa na kuacha shimo. Subiri wiki nzima ndipo usugue kwa 2000 na kupolishi.

Msimu_wa_Kusi: Muda wa kazi pia una maana. Asubuhi na mapema kuna umande, klia inageuka nyeupe kama maziwa. Saa saba boneti ni kikaango, rangi inatoa vipovu. Saa kumi jioni, kivulini, pasipo na vumbi. Na kivuli kisiwe cha mkorosho, ukishaona utomvu wake kwenye rangi utanielewa.

MkaziShangani: Shukrani. Dawa ya meno vipi? Na rangi itaoana kweli?

KikopoNaMsasa: Dawa ya meno ni kompaundi dhaifu, inafaa vimikwaruzo vya juu tu. Silva ya brashi huonekana nyeusi kidogo kwa sababu chembe zake hazilali kama za kupuliza. Tikisa kichupa dakika 2, jaribu kwanza kwenye kadi nyeupe, ikauke, uilinganishe juani. Kidoti cha milimita 2 hakuna atakayekiona. Ule mkwaruzo wa sentimita 15, kama ukucha unanasa, brashi itaacha mstari. Hapo fundi ana hoja kuhusu mlango, boneti hapana.