Tupeane uzoefu: Uhazili na kompyuta za ofisi, ni wapi hasa watu wanaangukia?

KaratasiA4
Wakuu habari za jioni. Leo pale Buzuruga, Mwanza, mzazi alikuwa anamkataza binti yake kusoma uhazili (kazi ya ukatibu wa ofisi), eti kuchapa mtu anajifunza hata steshenari. Nimeona tufungue uzi. Mliosoma, mnaofundisha na mlioko ofisini, wekeni hapa yanayowaangusha watu darasani, kwenye usaili na kazini, pamoja na dawa yake.

Naanza na usaili wa serikali. Matangazo ya mwendesha ofisi daraja la II yamekuwa yakitaka stashahada ya uhazili au NTA (tuzo za taifa za ufundi) ngazi ya 6, hatimkato, yaani maandishi ya alama za mkato, ya Kiswahili na Kiingereza maneno 100 kwa dakika, na cheti cha programu za ofisi. Katibu mahsusi daraja la III ilikuwa maneno 80. Watu wanamaliza kozi yenye jina zuri la "teknolojia ya ofisi", hatimkato hawajaigusa, wanaomba, wanachujwa mapema kabisa. Kabla hujalipa ada muulize msajili maswali mawili: hatimkato mnafundisha kwa lugha zote mbili, na mwanafunzi anapimwa mpaka kasi gani? Akibabaika, tafuta chuo kingine.

Mwana wa Igoma
Kweli kabisa. Na vyeti viwe vimethibitishwa na wakili, barua ya maombi iwe na sahihi. Ile karatasi ya matokeo ya muda haipokelewi.

Mzee Penseli
Kwenye hatimkato niachieni nafasi, maana hapo ndipo machozi yanapomwagika.

Hatimkato ya Pitman imejengwa juu ya unene wa mstari. P na B ni mstari uleule, ila B unakandamizwa. T na D hivyohivyo, Ch na J hivyohivyo, K na G hivyohivyo. Anayeingia darasani na biki amejinyima konsonanti nyingi, kwa sababu biki haitofautishi mstari mnene na mwembamba. Chukua penseli HB, chonga tatu, kila moja ncha zote mbili. Ncha ikikatika katikati ya imla unageuza, huchongi.

Pili, vokali. Kiswahili kimejaa vokali. Ukiweka kila nukta na kila kistari, mkono hautafika hata maneno 60. Ukiziacha zote, basi pata, pita na pete zote zinabaki P na T. Kinachokuokoa ni mahali unapoliweka neno: likielea juu ya mstari, likikaa kwenye mstari, au likiukata mstari, kufuatana na vokali ya kwanza. Wanafunzi wengi wanaipuuza kanuni hii muhula wa kwanza kwa sababu kwa kasi ya 40 bado wanakumbuka alichosema mwalimu. Wakifika 80 kumbukumbu haisaidii tena, wanasoma daftari lao wenyewe kama la mtu mwingine.

Tatu, namna ya kupandisha kasi. Chukua kifungu cha maneno 300, weka mkwaju (/) kila baada ya maneno 20. Mtu akusomee akiangalia saa: kwa kasi ya 60, kila mkwaju ni sekunde 20, kwa 80, sekunde 15, kwa 100, sekunde 12. Rudia kifungu hichohicho mpaka kitoke bila pengo, ndipo upande. Anayebadilisha kifungu kila siku anajipima tu, hajifunzi.

Piga mstari wa wima katikati ya ukurasa uandike safu mbili, mkono usafiri kidogo. Neno likikupita acha pengo, songa mbele. Ukisimama kulifukuza moja unapoteza kumi.

Chapchap Kirumba
Mzee shikamoo, lakini siku hizi simu inarekodi. Kijana apewe Excel na mifumo, si alama za zamani. Tunawachelewesha bure.

Mzee Penseli
Marahaba. Kikao cha nidhamu au cha zabuni simu zinaachwa mlangoni. Hapo utarekodi na nini? Na hicho kikao cha saa mbili ulichorekodi, utakaa saa mbili nyingine kukisikiliza kabla hujaandika hata mstari, na wajumbe watatu wanaongea pamoja, feni inanguruma juu.

Chapchap Kirumba
Si kila ofisi ina vikao vya siri. Kampuni za samaki, hoteli, shule binafsi, hakuna hata moja inayouliza hatimkato. Zinauliza Excel.

Mama Muhtasari
Wanangu msigombane, mnazungumzia ajira mbili tofauti. Anayetaka serikali asome hatimkato, anayetaka kampuni azidishe Excel. Wote lakini wajue kuandika muhtasari wa kikao, na huko naona uzembe mkubwa.

Muhtasari si hotuba. Kila ajenda ina namba yake, na chini yake mambo matatu: nini kimeamuliwa, nani atatekeleza, lini. "Wajumbe walijadili kwa kina suala la maji" haina kazi yoyote. "Afisa Ugavi aombe bei kwa wazabuni watatu na alete taarifa kabla ya tarehe 15" hiyo ndiyo. Kwenye yatokanayo unarudi kwa kila agizo la kikao kilichopita, moja baada ya jingine, utekelezaji umefikia wapi. Fedha na tarehe zisomwe kwa sauti palepale kikaoni mjumbe athibitishe. Rasimu itoke siku ileile au kesho yake, maelezo yakiwa bado ya moto kichwani.

Nansio Pwani
Naongeza la saa. Bosi akisema "kikao saa 8", kwenye kalenda ya kompyuta unaandika 14:00. Anayeingiza 8:00 anawaita watu asubuhi. Kwenye barua andika "saa 8:00 mchana", neno la wakati lisikosekane kamwe. Na kama wajumbe wanatoka Ukerewe angalieni ratiba ya meli kabla ya kupanga kikao cha saa mbili asubuhi. Mtu wa Nansio huenda asifike mjini saa hiyo asipolala Mwanza, na hapo kuna posho ya kulala ambayo haikupangwa.

Mwana wa Igoma
Hili la meli limesahaulika sana maofisini. Asante ndugu.

Dada wa Masjala
Mmetaja Excel, basi nisimulie lililotokea ofisi moja hapa mjini. Jina lake silitaji.

Kulikuwa na orodha ya wadaiwa: jina, anwani, namba ya simu, kiasi. Bosi akataka majina yapangwe kwa alfabeti. Mchapaji akachagua safu ya majina peke yake, akabonyeza kupanga. Excel ikamuuliza kama ichukue na safu za jirani, akajibu iendelee na aliyoichagua. Majina yakajipanga A mpaka Z, kiasi na anwani vikabaki palepale vilipokuwa. Hakuna kitu kilichoonekana kuharibika, na jumla ya chini ilikuwa sahihi. Akaunganisha na barua kwenye Word, ile sehemu ya Mailings inayoingiza jina na kiasi cha kila mtu kwenye barua yake, zikachapwa zote, bosi akasaini rundo, bahasha zikafungwa, zikatoka na dispachi.

Kesho yake simu hazikukatika. Aliyemaliza deni ameandikiwa mamilioni. Mwenye deni kubwa ameandikiwa shilingi elfu kadhaa, akaja mbio kulipa na risiti akataka palepale. Mama mmoja mjane alipokea deni la mtu asiyemjua, akazimia nyumbani kwake, majirani wakampeleka hospitali. Alipona, lakini familia ilikuja ofisini kwa hasira na walikuwa na haki. Barua zilifuatwa nyumba kwa nyumba kurudishwa, na nyingine zilishafika kwa mawakili.

KaratasiA4
Masikini mama wa watu. Mchapaji alifanywaje?

Dada wa Masjala
Alisimamishwa. Bosi aliyesaini bila kulinganisha hata barua moja na daftari hakuguswa.

Chapchap Kirumba
Hapo kuna uonevu. Sahihi ni ya nani? Aliyesaini ndiye mwenye barua.

Mama Muhtasari
Sahihi ni ya bosi, ila kulinganisha ni kazi ya aliyechapa. Tusiwafundishe vijana kukwepa.

Mzee Penseli
Nakataa, mama. Ofisi makini barua za fedha zinapita mikono miwili: mmoja anasoma daftari kwa sauti, mwingine anafuatilia barua. Anayefanya peke yake ameachwa peke yake, hilo ni kosa la uongozi.

Ngasamo wa Excel
Jamani mchapaji ameshapata adabu, tumsaidie atakayemfuata. Kabla ya kupanga orodha yoyote:

Weka safu ya kwanza ya namba, 1 mpaka mwisho. Mistari ikihama mizima, unarudisha mpangilio wa awali kwa kupanga tena kwa namba; majina yakihama na namba zikabaki 1, 2, 3 palepale, ujue safu zimeachana. Kisha simama ndani ya orodha ubonyeze Ctrl+T iwe jedwali. Jedwali linapanga mistari mizima, haliachani. Hifadhi nakala kwa jina jingine lenye tarehe. Baada ya kuunganisha, fungua barua ya kwanza, ya katikati na ya mwisho, ulinganishe na hati ya asili, siyo na Excel uliyoipanga.

Mengine yanayowatesa watu hapohapo: namba ya simu inapoteza sifuri ya mbele. Fanya safu iwe Text KABLA ya kuandika namba. Ukibadilisha baadaye sifuri hairudi yenyewe. Kiasi kinatoka 1250000 bila mikato: kwenye barua bonyeza Alt+F9 uone msimbo, kisha mwisho wa jina la safu ongeza \# "#,##0". Tarehe ikigeuka mwezi mbele siku nyuma, ongeza \@ "dd/MM/yyyy". MM iwe herufi kubwa, ndogo ni dakika. Bonyeza Alt+F9 tena kurudi.

Mwana wa Igoma
Sifuri ya mbele mimi nashauri umbo maalumu la namba (Custom) 0000000000, sifuri kumi. Text inaleta vile vipembe vya kijani kila kiseli.

Ngasamo wa Excel
Umbo maalumu linaonyesha sifuri machoni tu, ndani haipo. Ukiunganisha na Word inaweza kupotea tena. Vipembe vya kijani havidhuru kitu, viache.

Dada wa Masjala
Na Word nayo: ukiandika vifungu (a), (b), (c), hiyo ya tatu inageuka © na watu wanasaini hivyohivyo. Ikigeuka bonyeza Ctrl+Z palepale. Dawa ya kudumu ni File, Options, Proofing, AutoCorrect Options, uifute kwenye orodha. Humohumo zima na ile inayokuza herufi kila baada ya nukta, maana inaharibu k.v. na n.k.

Fundi Makoroboi
Napita upande wa mashine, hili hawafundishwi vya kutosha.

Karatasi za hapa ziwani zinavuta unyevu, hasa mvua zikianza. Rimu ikifunguliwa ikaachwa wazi juu ya kabati, karatasi zinajikunja, printa inavuta mbili mbili au inanasa. Toa kiasi unachotumia, nyingine zibaki kwenye kanga yake. Kabla ya kupakia zipepee kwa kidole zitengane, usijaze trei kupita alama. Ikinasa, zima, fungua, vuta taratibu kwa mikono miwili kufuata njia inayopitia karatasi. Ukirarua kipande kikabaki ndani, utamwita fundi. Ile silinda yenye rangi ndani ya katriji usiiguse wala usiiache juani, mwanga unaiharibu na kila nakala itatoka na kivuli.

Mstari mweusi wa wima kwenye fotokopi: weka karatasi juu ya kioo kikubwa utoe nakala tena. Mstari ukipotea, shida ni kile kioo chembamba cha pembeni inapopita karatasi inayovutwa na mashine yenyewe. Kipanguse kwa kitambaa kisichotoa nyuzi. Katriji ni nzima, usinunue nyingine. Na wale wadudu wa ziwani wanaofuata taa: ofisi za karibu na ufukwe funikeni skana jioni, wanakufa ndani ya kifuniko, asubuhi kila hati ina nukta.

Chapchap Kirumba
Na kila kitu kiwe kwenye UPS, kile kifaa cha betri kinachoshikilia umeme ukikatika, umeme wetu tunaujua.

Fundi Makoroboi
Kompyuta ndiyo, printa ya leza HAPANA. Inapopasha moto fyuza, sehemu inayogandisha wino wa unga kwenye karatasi, inavuta umeme mwingi kwa mkupuo, UPS ndogo inazidiwa na kuzima, na kompyuta yako inazimika nayo. Printa ichomekwe ukutani kupitia kifaa cha kulinda umeme. Halafu Word iwekeni ijihifadhi kila dakika 2 badala ya 10 inayokuja nayo.

Binti Mkuyuni
Shikamooni wote. Naanza mwaka huu. Kasi ya kuchapa wanaihesabuje? Nimeambiwa 50 lakini sielewi ni maneno yapi.

Mama Muhtasari
Marahaba mwanangu. Kipimo cha kawaida ni mapigo matano, na nafasi imo, ndilo neno moja. Dakika 5 ukipiga mapigo 1,500 ni maneno 300, yaani 60 kwa dakika. Makosa kumi yagawe kwa dakika tano, ni 2, unabaki na 58. Vyuo vingine vinakata zaidi, uliza chako. Vidole vya shahada vikae F na J, kuna vinundu pale, usitazame. Kiswahili kinamchosha sana kidole kidogo cha kushoto kwa sababu ya A, kwa hiyo zoezi lako la wiki za kwanza liwe maneno kama maandalizi, mahakama, wanafanana, polepole bila kosa. Ukikimbilia kasi na kidole kibovu, kosa hilo utalibeba hadi stashahada.

Mzee Penseli
Na ununue penseli leo, chuo kikifunguliwa zinapanda bei.

Binti Mkuyuni
Asanteni. Skana ya vyeti kwa maombi niweke ngapi? Mfumo unakataa, unasema faili kubwa.

Fundi Makoroboi
dpi (nukta kwa inchi) 200, rangi ya kijivu, PDF, kila cheti faili lake. Steshenari wengi wanaweka 600 ya rangi ndiyo maana linakuwa zito. Kabla hujaondoka fungua faili palepale, ukuze, usome namba ya cheti na muhuri wa wakili. Kama husomi wewe, na wao hawatasoma.